Kionyesha Gia cha Cleophas

Cleophas alipopiga simu, Adrisi alikuwa amelala chali chini ya pikipiki ya afande mmoja wa kambi ya Kimaka, oili ikimdondokea kwenye ndevu. Alitaka kuiacha simu ilie mpaka ichoke. Kisha akaona jina kwenye kioo, na mkono ukaenda wenyewe.

"Fundi, habari ya Jinja?"

"Nzuri, bwana Cleophas. Shemeji anaendeleaje?"

"Anaendelea. Siku hizi anatembea na fimbo moja, zamani zilikuwa mbili. Sikia, nina kazi kwako. Nimeona kwenye mtandao kuna kidude cha kufunga kwenye pikipiki, kinaonyesha gia kwa namba. Moja, mbili, tatu. Ikiwa nyutro kinaandika herufi. Kinawaka chekundu, kikubwa, hata mtu asiyeona vizuri anakiona."

"Vipo."

"Basi nitafutie. Ile taa ya kijani mimi siiamini tena. Au macho yangu ndiyo siyaamini, sijui. Nimekwenda kupimwa, nimepewa miwani."

"Miwani ya nini?"

"Ya kuonea, fundi. Ya nini tena?" Cleophas akacheka peke yake.

Simu ilipokatika, Adrisi alibaki pale chini akiangalia tumbo la injini. Macho ya Cleophas hayakuwa na shida yoyote. Taa ile ilikuwa kijani kweli. Ilikuwa kijani asubuhi ile ya ajali, na ingekuwa kijani hata gia ingekuwa ya kwanza, ya tatu au ya tano, kwa sababu Adrisi mwenyewe ndiye aliyeifunga iwe hivyo.

Walijuana miaka sita. Adrisi ni Mnubi. Babu wa babu yake alikuja na jeshi kutoka Sudan, na nyumbani kwao watoto hukua wakisema Kinubi jikoni na Kiswahili barazani. Jinja si kila mtu anakipenda Kiswahili. Wapo wazee ambao wakikisikia bado wanasikia askari akigonga mlango. Cleophas naye ni Mjaluo wa Kenya aliyehamia Malukhu, mjini Mbale, akiuza mbegu za mboga kwenye maduka ya njia nzima mpaka Jinja. Siku ya kwanza alisimama kwenye gereji ya Adrisi na tairi lisilo na upepo, akasalimia kwa Kiswahili kwa woga, kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye mlango asioujua. Adrisi akamjibu kwa Kiswahili, akamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za njiani, za mvua. Tangu siku hiyo Cleophas hakumruhusu fundi mwingine kuigusa pikipiki yake.

Jambo lenyewe lilitokea Ijumaa moja ya mwezi wa kumi na moja. Swichi ya nyutro ilikuwa imekufa, ile swichi ndogo ubavuni mwa injini inayoiambia taa kwamba hakuna gia iliyoingia. Taa haikuwaka, na stata nayo ikagoma, maana pikipiki ile imetengenezwa isikubali stata mpaka iwe nyutro au dereva awe amebana klachi. Swichi mpya haikupatikana siku hiyo. Cleophas alikuwa na haraka, mwenye duka wa Iganga anamsubiri. Adrisi naye alikuwa na haraka, adhana ya Ijumaa ilikuwa karibu. Akafanya wanalofanya mafundi wengi. Akautoa waya kwenye swichi, akauchubua ncha, akaufunga kwenye chuma cha fremu na kuuzungushia tepu nyeusi. Taa ikawaka kijani. Stata ikakubali. Kazi ya dakika nne.

Alikusudia kumwambia. Hata mdomo aliufungua. Lakini Cleophas alikuwa ameshavaa helmeti, simu ameichomeka ndani yake kwenye sikio, anaongea na mtu wa Iganga huku akipunga mkono. Adrisi akasema moyoni, nitamwambia akirudi.

Alirudi baada ya wiki mbili, kubadilisha oili. Adrisi akakumbuka. Akakumbuka pia kwamba sasa ingebidi aeleze kwa nini hakusema mara ya kwanza. Cleophas alikuwa na furaha siku ile. Binti yake Sheryl alikuwa amefaulu mtihani, na Cleophas alileta mandazi ya kula pamoja. Adrisi akala mandazi. Akabadilisha oili. Akanyamaza. Baadaye, alipokuwa akijihukumu, Ijumaa ile hakuilaumu sana. Ijumaa ilikuwa haraka tu. Siku iliyomrudia kila mara ilikuwa ile ya mandazi.

Mwezi wa pili, usiku mmoja, Cleophas aliiegesha pikipiki kwenye gia ya kwanza ili isiteremke, maana ua wao una mteremko kuelekea getini. Barabarani hakuwa akiitazama taa ile; aliitazama wakati wa kuwasha tu. Asubuhi akapanda, akageuza ufunguo, akaona kijani, akabonyeza stata bila kubana klachi. Mkewe Beldina alikuwa mbele akimfungulia geti. Pikipiki iliruka ikambana goti kwenye chuma. Goti lilivunjika sehemu mbili. Na Beldina alikuwa fundi cherehani, wa ile cherehani ya kukanyaga kwa miguu.

Cleophas alimpigia Adrisi kutoka hospitalini siku hiyohiyo. "Ilikuwa kijani, fundi," alisema, akirudia na kurudia. "Haki ya Mungu ilikuwa kijani." Adrisi akasema pole. Akasema pole tena. Hakusema kitu kingine. Miezi minne ikapita hivyo, na pikipiki ikabaki imefunikwa turubai uani, hakuna aliyegeuza ufunguo wake tena, Cleophas akizunguka na mbegu zake kwa kuomba lifti kwenye malori.

*

Siku ya pili baada ya simu ile, Adrisi alifunga gereji mapema akaenda kutafuta. Duka la kwanza mjini hawakuelewa hata anauliza nini. La pili walimletea mita nzima ya pikipiki kubwa ya mashindano. La tatu lilikuwa la Hajati Rashidah, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, aliyejua kila spea ilipo bila kuandika popote.

"Kiko kimoja," alisema, akashusha kiboksi kidogo. "Hiki hakina mambo mengi. Nyaya tatu tu. Unafunga, kinafanya kazi."

Adrisi alikifunga hapohapo kwenye pikipiki iliyokuwa mlangoni, kwa ruhusa ya mwenyewe. Akageuza ufunguo. Kioo kikaandika kistari. Akaingiza gia ya kwanza. Kistari. Ya pili. Kistari bado.

"Mpaka uendeshe," alisema Rashidah. "Kinahesabu mwendo na mzunguko wa injini, halafu ndiyo kinajua uko gia gani."

"Kwa hiyo ikiwa imesimama hakijui."

"Ikiwa imesimama nani anahitaji kujua?"

Adrisi alianza kukifungua.

"Kinakisia vizuri sana, fundi. Watu wanakipenda."

"Sitaki kinachokisia, Hajati. Nataka kinachojua."

Rashidah alimjua Adrisi tangu akiwa kijana wa kubeba tairi, na hakuwahi kumwona akisumbuka hivi kwa kitu cha mteja. Akachukua simu, akampigia mpwa wake Nasif, mwenye duka la spea Mbale, ambaye mizigo yake hupitia mpaka wa Malaba. Nasif akasema ipo aina nyingine, yenye sahani ya kufunga ndani, mahali pa swichi ya nyutro, na kila gia ina waya wake. Gia ikiingia inagusa waya wake, na namba inatokea hata injini ikiwa imezima. Lakini ni lazima matundu ya sahani yalingane na injini.

Cleophas alitumwa apige picha ya swichi kutoka chini ya turubai. Picha ilipofika, Adrisi aliikuza kwenye simu kwa vidole viwili. Pembeni, nusu nje ya picha, kulikuwa na kipande cha tepu nyeusi. Aliiangalia mpaka kioo kikazima. Kisha akaikata pembe ile na kumtumia Nasif sehemu iliyobaki.

Sahani ya kwanza kuja ilikuwa ya gia sita. Pikipiki ya Cleophas ina tano. Ya pili matundu yalipishana kwa unene wa njiti ya kiberiti. Wiki ya tatu Nasif akasema amepata. Katika wiki hizo zote Adrisi alishughulika kana kwamba anatafuta dawa ya mgonjwa, akipiga simu asubuhi na jioni, na ndani ya shughuli hiyo alificha wazo dogo ambalo hakulisema kwa sauti: akienda mwenyewe kukifunga, ataukata ule waya kwanza. Hakuna atakayejua kwamba uliwahi kufungwa.

"Wewe unaumwa," mkewe Habibah alimwambia, akiangalia sahani ya chakula iliyorudi nusu.

"Siumwi, Mama Ukasha. Ni kazi."

"Kazi ilikuwa inakupa njaa."

*

Aliondoka Jinja kulipopambazuka, kwa pikipiki yake mwenyewe, spana zimefungwa nyuma ndani ya gunia. Baada ya Iganga akachepuka kushika barabara ya Tirinyi, akapita mashamba ya mpunga yenye maji, na saa nne jiwe la mlima Wanale lilikuwa mbele yake juu ya mji wa Mbale. Dukani alimkuta Nasif, kijana mwembamba, mwepesi wa maneno. Walipima sahani kwa swichi ya zamani ambayo Adrisi alikuja nayo kutoka gereji, ya injini ya aina ileile. Matundu yakakaa sawasawa.

"Hii kitu umeitafuta kama mahari," Nasif alisema.

Malukhu, geti la Cleophas lilikuwa limepakwa rangi mpya ya buluu, lakini rangi haikuweza kuficha mahali chuma kilipobonyea. Adrisi aliona mbonyeo ule kabla hajamwona mtu. Cleophas akatoka akikimbia, mikono imefunguliwa, na kweli alikuwa na miwani. Ilikuwa na fremu nene za kahawia, na ilimteremka puani kila alipocheka.

"Mama Sheryl, fundi wetu amefika!"

Beldina alikuwa barazani kwenye kiti, mguu mmoja umenyooshwa juu ya stuli, akishona vifungo kwa mkono. Cherehani ilikuwa nyuma yake imefunikwa kitenge.

"Karibu, shemeji," alisema. "Umetoka mbali kwa ajili ya pikipiki."

"Pole, shemeji. Pole sana kwa mguu."

"Nimeshapoa. Mwambie huyu ndugu yako awe anaangalia."

Cleophas alijifanya hakusikia. Aliondoa turubai, akachuchumaa kando ya fundi, karibu sana, kama alivyozoea kufanya kule Jinja. Adrisi akafungua kifuniko cha ubavuni. Waya ulikuwa palepale. Tepu ilikuwa imeanza kufumuka kwa joto.

"Bwana Cleophas, niletee maji ya sabuni kidogo."

Cleophas akainuka. Adrisi akatoa koleo, akakata, akabandua tepu, akaitia mfukoni pamoja na kipande cha waya. Ilichukua muda mfupi kuliko ilivyochukua kuufunga. Aliporudi Cleophas na maji ya sabuni, Adrisi alinawa mikono ambayo haikuwa na uchafu wowote mpya.

Kazi yenyewe ilikwenda vizuri, na hilo pia lilimuumiza. Sahani iliingia, nyaya sita zikapita chini ya tangi, kioo kikakaa juu ya usukani. Ufunguo ulipogeuzwa ikatokea herufi nyekundu ya nyutro. Adrisi akakanyaga gia: moja. Akainua: mbili. Cleophas akapanda mwenyewe, akapandisha na kushusha, akisoma kila namba kwa sauti kama mtoto wa chekechea, mpaka majirani wawili wakachungulia juu ya ukuta.

"Mama Sheryl, njoo uone! Hata ukiwa pale unaona!"

"Naona," alisema Beldina. "Hata ukifungiwa televisheni, asiyeangalia haangalii."

Cleophas akaacha kusoma namba. Aliivua miwani akaifuta kwa shati, polepole, kila upande.

Beldina akaweka sindano chini. "Shemeji, wewe ndiye mtu wa pikipiki. Mimi nimeuliza watu hapa, kila mmoja anasema lake. Mume wangu anasema aliona kijani. Kaka yangu Tyson anasema huo ni uongo, alikuwa anaangalia simu. Mimi sikuona, nilikuwa nimempa mgongo. Niambie wewe. Taa inaweza kuwaka kijani na gia imeingia?"

Jirani mmoja alikuwa bado juu ya ukuta. Adrisi alihisi kile kipande cha waya kikimchoma pajani kupitia mfuko.

"Hapana," alisema. "Ikiwa nzima, hapana."

"Ikiwa nzima," Beldina akarudia. "Na ilikuwa nzima?"

"Ilikuwa nzima."

Cleophas alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesomewa hukumu aliyokuwa akiitegemea. "Nilijua," alisema. "Ni macho." Akairudisha miwani usoni.

Walimpa chakula. Beldina alikuwa ameagiza samaki kutoka Masese kwa sababu alijua mgeni ni mtu wa Jinja, ingawa samaki huyo alikuwa amesafiri barabara ileile aliyosafiri mgeni. Adrisi alikula kwa adabu, tonge baada ya tonge. Cleophas alipotaka kumlipa alikataa kabisa, na Beldina akamwambia mumewe, "Unaona rafiki? Huyu ni mtu." Adrisi akaomba ruhusa ya kuondoka kabla ya chai.

*

Alifika Kamonkoli, mji mdogo nje ya Mbale. Hapo kuna msikiti mdogo kando ya barabara, na wakati wa alasiri ulikuwa umeingia. Alitawadha, akasimama safuni nyuma ya wazee watatu. Alisali rakaa nne, na alipotoa salamu hakuweza kukumbuka hata neno moja alilosoma. Alichokuwa akisikia ni sauti yake mwenyewe ikisema, "Ilikuwa nzima."

Alikaa kwenye ngazi za msikiti akivaa viatu kwa muda mrefu. Waya aliufunga kwa haraka, na siku ya mandazi alinyamaza kwa aibu. Lakini leo hakukuwa na haraka wala mshtuko. Mwanamke aliyevunjika goti alimuuliza swali jepesi, naye alilijibu akiwa anajua, huku mume anasikiliza.

Akageuza pikipiki.

Kule Malukhu wenyeji walikuwa bado uani. Cleophas alikuwa akifunga kasha la mbegu nyuma ya kiti, akijiandaa kwa kesho. Aliposikia injini akafurahi, akadhani fundi amesahau spana.

"Umesahau nini?"

Adrisi alizima injini. Alitoa mfukoni kile kipande cha waya na tepu, akakiweka juu ya kiti cha pikipiki ya Cleophas, mbele yake.

"Ulikuwa unaona vizuri," alisema. "Taa ilikuwa kijani. Mimi ndiye niliyeifunga iwake muda wote. Ile Ijumaa swichi ilipokufa nilifunga waya kwenye fremu ili stata ikubali. Sikukuambia. Uliporudi kubadilisha oili nilikumbuka, sikukuambia. Leo nimeukata ulipokwenda kuchukua maji. Na shemeji aliponiuliza nimemdanganya."

Alitaka kuendelea, kusema mambo ya haraka ile, ya adhana, ya mtu wa Iganga. Akayaacha.

Cleophas aliuchukua waya ule akaugeuzageuza. Alikuwa mtu wa mbegu, hakujua mengi ya umeme, lakini tepu aliielewa. "Ndiyo iliyokuwa kwenye picha," alisema. "Niliiona. Nikasema fundi ndiye anajua."

"Ndiyo."

"Nimelala miezi minne na zaidi chumba cha watoto," Cleophas alisema. Hakupaza sauti. "Sikufukuzwa. Nilihama mwenyewe, kwa sababu nilikuwa naamka usiku najiuliza kama nilitazama au sikutazama. Mtu akikosa kuyaamini macho yake, fundi, anakosa kila kitu. Nikimpa mtu mbegu za sukuma wiki narudia kusoma pakiti mara tatu."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Ule waya ningeweza kuusamehe." Sasa sauti ilipanda. "Mafundi wanafunga nyaya, najua, hata mimi nilikuwa na haraka. Lakini leo! Umekula samaki wa mke wangu! Amekuuliza hapa, hapa, mimi nimesimama, ukaniacha nirudishe miwani usoni!"

Beldina alikuwa amesimama barazani, ameshika nguzo. Hakumwangalia Adrisi hata mara moja. Alikuwa akimwangalia mumewe.

"Baba Sheryl," alisema. "Njoo ndani."

"Ngoja nimalize na huyu."

"Huyu atajimaliza mwenyewe. Njoo."

Cleophas akapanda ngazi. Beldina alimshika mkono, akajiegemeza kwake, wakaingia, na mlango ukafungwa. Adrisi alisubiri uani, akidhani labda watatoka. Jua likapungua ukutani. Hakuna aliyetoka. Akaondoka.

*

Nyumbani alimwambia Habibah yote. Habibah alikuwa na watoto mikononi na hakusema lolote mpaka walipolala, na hata hapo hakumtuliza. Alimuuliza kitu kimoja: "Wangapi wengine?" Adrisi hakuelewa. "Pikipiki ngapi nyingine umefunga waya namna hiyo zinatembea Jinja?"

Hakujua idadi. Wiki nzima iliyofuata aliwatafuta wateja wake mmoja mmoja, kwenye stendi za bodaboda, sokoni, mpaka Masese kwenye wauza samaki. Alipata pikipiki tano. Mmoja wa wenye pikipiki, Waiswa, alimcheka na kukataa kufunguliwa waya. Wengine walikubali.

Jumamosi Beldina akapiga simu. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Kesho baada ya kanisa watu wanakuja hapa. Tyson atakuwepo, na majirani. Hao ndio waliosema mume wangu ni mwongo. Na mimi nilisema. Mimi nimeshamwomba msamaha, ni mambo yetu. Lakini wao watakusikia wewe."

"Nitakuja, shemeji."

"Usije na zawadi."

Alikwenda. Alikuta watu kumi na wawili kwenye viti vya plastiki, chai imeshamiminwa. Hakupewa kiti wala hakukitafuta. Alisimama karibu na geti lile lililobonyea, akasema yote tangu Ijumaa mpaka samaki, kwa Kiswahili chake kilichonyooka, na kwa wasioelewa vizuri jirani mmoja aliwatafsiria kwa Kimasaba, lugha ya pale Mbale. Tyson, dereva wa malori, mtu wa mabega mapana, aliinuka katikati ya maneno na kumjia. Adrisi alishusha mikono, akangoja. Tyson alimfikia, akamtazama kwa karibu, kisha akageuka akaenda kwa shemeji yake, akapiga goti moja mbele ya kiti cha Cleophas na kumwomba radhi kwa sauti ambayo wote waliisikia. Adrisi angependa zaidi kupigwa.

Watu walipoanza kunywa chai, Cleophas alimsindikiza mpaka nje. Walitembea mpaka kwenye pikipiki.

"Bado nina hasira," Cleophas alisema.

"Najua."

"Usinipigie simu. Wala usitume salamu."

Mvua zilianza, na msimu wa mbegu nao ukaanza. Adrisi alikuwa akimwona Cleophas kwa mbali, akipita barabarani na kasha lake nyuma, bila kugeuza uso. Mwezi ukapita hivyo, kisha wa pili. Mwezi wa tatu, asubuhi moja ya Jumatano, pikipiki ile iliingia gereji na kusimama. Cleophas hakushuka. Hakuzima injini. Kwenye usukani herufi nyekundu ilikuwa inawaka, na alikuwa amebana klachi hata hivyo.

Adrisi akaweka spana chini, akasimama.

"Goti linakunjika mpaka hapa," Cleophas alisema, akaonyesha kwa kiganja. "Daktari anasema halitakunjika zaidi ya hapo. Ndani ya nyumba anatembea bila fimbo. Cherehani hawezi. Alijaribu Jumapili, akakanyaga dakika tano, akalia, akaifunika tena. Sasa anakata vitambaa, dada mmoja anakuja kumshonea."

Adrisi alifungua mdomo kusema pole.

"Sikuja kuambiwa pole. Nimekuja ili ujue. Wewe ndiye uliyelivunja, na mimi. Si sawa mimi peke yangu nijue linavyoendelea."

Akaingiza gia, akaondoka kuelekea Iganga.

Mwezi uliofuata alikuja tena, akasimama palepale, akasema habari za goti, akaondoka. Na uliofuata. Pikipiki yake hutengenezwa na Opio, fundi wa ng'ambo ya barabara, na Adrisi humwona kule akichuchumaa kando ya kazi kama alivyokuwa akichuchumaa kwake. Lakini kila mwezi, kabla ya kurudi Mbale, huvuka barabara kwanza. Adrisi akimwona anakuja huzima redio, hufuta mikono, na husimama kusikiliza.